BWANA SHAMBA ANASEMA: Geuza Mtumbwi Kabla ya Kutoa Fedha

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mpunga. Mwezi huu tunatoka shambani, tunashuka mtoni.

Msomaji mmoja wa bonde la Kilombero ameniandikia barua. Ana shamba dogo la mpunga. Baada ya mavuno anataka kuvua samaki, apate kitoweo na fedha za ada ya watoto. Hana fedha za kuchongesha mtumbwi mpya. Ameona mtumbwi mkuukuu wa mtu mmoja unauzwa. Anauliza: "Nitajuaje kama ni mzima?"

Swali hili ni zuri. Pia swali hili linaniuma. Nitakueleza sababu yake.

KOSA LANGU

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana kazini, shemeji yangu alikuja kwangu na swali hilo hilo. Alikuwa ameuza magunia yake ya mpunga. Aliniambia, "Shemeji, wewe umesoma. Twende ukanitazamie mtumbwi."

Mimi nilisomea mahindi, mpunga na mbolea. Sikusomea mitumbwi. Lakini niliona aibu kusema sijui. Tukaenda.

Mtumbwi ulikuwa umelala kando ya maji. Ulikuwa umepakwa lami mpya, unang'aa. Niliuzunguka mara moja. Nikapiga ubavu wake kwa kiganja. Nikasema, "Huu ni mzuri." Shemeji akatoa fedha zote siku ile ile.

Haikupita hata miezi miwili. Siku moja alikuwa katikati ya mto, maji yamejaa. Chini ya mtumbwi palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha bati, na juu yake imepakwa lami. Bati lile liling'oka. Maji yakaingia kwa nguvu. Mtumbwi ukazama pamoja na wavu na samaki. Shemeji aliogelea mpaka akashika matete, akapiga kelele. Wavuvi wawili wakamwokoa.

Alipona. Lakini mpunga wa mwaka mzima ulikuwa umekwenda na maji. Hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu.

Baadaye nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu: "Mliugeuza?"

Nikajibu, "Hapana, mzee."

Akasema, "Basi hamkuuona."

Nilikaa na mzee yule siku nyingi. Haya ninayokuandikia mengi nilijifunza kwake. Mengine nimejifunza kwa kuwauliza wavuvi kila nilipokwenda.

KWANZA: ULIZA KWA NINI UNAUZWA

Usianze kuuliza bei. Anza kumwuliza mwenye mtumbwi maswali haya:

Mtumbwi umetumika miaka mingapi? Umechongwa kwa mti gani? Nani aliuchonga? Umewahi kuzibwa? Wapi? Kwa nini unauza?

Mtu anaweza kuuza kwa sababu njema. Labda amezeeka, au anahama, au ana mgonjwa. Lakini wengine huuza kwa sababu wamechoka kuchota maji ndani ya mtumbwi wao kila siku.

Waulize pia majirani zake na wavuvi wengine pale pwani ya mto. Wao wameuona mtumbwi huo ukifanya kazi. Uliza pia kama kweli ni mali yake. Wakati wa mafuriko mitumbwi hukatika kamba na kuchukuliwa na maji. Mwingine huokotwa mbali na kuuzwa. Ukinunua mali ya mtu mwingine, mwenyewe atakuja kuichukua.

PILI: UTAZAME UKIWA MKAVU

Mto Kilombero hujaa sana wakati wa masika, hasa mwezi wa Aprili. Kisha maji hupungua pole pole mpaka Oktoba na Novemba. Wakati mzuri wa kukagua mtumbwi ni kiangazi, ukiwa umetolewa majini.

Sababu ni hii. Mti ukikaa majini huvimba, na nyufa zake hujifunga. Ukikauka, mti husinyaa na nyufa hufunguka. Mtumbwi uliolowa huficha nyufa zake. Mtumbwi mkavu hauwezi kuzificha.

Kwa hiyo mwombe muuzaji autoe majini, ukae kivulini siku kadhaa. Usiwekwe juani. Jua kali linaweza kupasua hata mtumbwi mzima, na hiyo si haki kwa muuzaji.

TATU: UGEUZE

Hapa ndipo mimi na shemeji tulipokosea. Mtumbwi huanza kuharibika chini. Chini ndipo unapokwaruzwa na mchanga na visiki. Chini ndipo unapolala juu ya udongo wenye unyevu. Tafuta watu wawili au watatu, mgeuze mtumbwi tumbo juu. Muuzaji akikataa usigeuzwe, muage kwa heshima, nenda nyumbani.

Ukisha geuzwa, fanya mambo haya manne.

1. Tafuta viraka. Tazama vipande vya bati, misumari na lami. Lami peke yake si kosa. Lakini lami mpya iliyopakwa siku unayokuja kununua ni jambo la kuuliza. Mwombe muuzaji ruhusa ukwangue kidogo, uone kilichopo chini yake. Kiraka kidogo juu ya ubavu kinaweza kuvumilika. Kiraka kikubwa chini ya mtumbwi ni hatari. Misumari huota kutu, na mti unaoizunguka huoza.

2. Choma kwa ncha ya kisu. Mti mzima hukataa kisu. Mti uliooza hupokea kisu kama muhogo uliopikwa. Choma zaidi ncha ya mbele na ncha ya nyuma. Hapo maji huingia kwa urahisi kwa sababu nyuzi za mti zimekatwa. Choma pia kando ya misumari, na mahali mtumbwi ulipokuwa umelalia udongo.

3. Gonga kwa kipande cha mti. Gonga pole pole kuanzia mbele mpaka nyuma. Sikiliza. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Mti uliooza au ulioliwa na mchwa hutoa sauti nzito, iliyofifia. Sauti ikibadilika, simama hapo, choma kwa kisu.

4. Pima unene. Weka kidole gumba nje na vidole vingine ndani ya ukingo, uone unene wa ubavu. Kisha bonyeza chini kwa viganja viwili kwa nguvu. Chini pakibonyea, pamelika. Mtumbwi uliokokotwa mchangani miaka mingi huwa mwembamba chini, hata kama kingo zake bado ni nene.

UFA UPI NI MBAYA?

Karibu kila mtumbwi mkuukuu una nyufa. Usikimbie kila ufa. Jifunze kutofautisha.

Ufa mfupi kwenye ncha, ulio juu ya maji, si mbaya sana. Fundi anaweza kuuziba kwa pamba na lami.

Ufa unaopita chini ya mtumbwi, unaoingiza ncha ya kisu, na unaoonekana ndani na nje, ni mbaya. Ufa wa namna hiyo hurefuka. Siku mtumbwi utakapogonga kisiki, unaweza kupasuka vipande viwili.

MTI GANI?

Mitumbwi mizuri ya bonde letu huchongwa kwa mvule au mkangazi. Kiini cha miti hiyo ni imara na hudumu majini. Watu wengine huchonga mwembe. Mwembe hupatikana hata kijijini, lakini huoza upesi zaidi. Mtumbwi wa mwembe usiuzwe kwa bei ya mtumbwi wa mvule.

Tazama pia rangi ya mti. Kiini kwa kawaida ni cheusi zaidi kuliko mti wa nje. Sehemu nyeupe ya nje, iliyo karibu na gome, ndiyo huoza na kuliwa na wadudu kwanza. Mtumbwi ukiwa na sehemu kubwa nyeupe, hautadumu, hata kama ni wa mvule.

Usidhani kuwa mtumbwi mzito ndio imara. Mara nyingine uzito ni maji yaliyonywewa na mti uliochoka.

NNE: MIMINA MAJI NDANI

Sasa mgeuze tena mtumbwi, uweke juu ya magogo mawili. Mimina ndani ndoo nne au tano za maji. Inama, tazama chini. Kila mahali panapotoa tone, weka alama kwa mkaa.

Usikate tamaa mara moja. Mtumbwi mkavu huweza kuvuja mwanzoni. Acha maji yalale ndani usiku mmoja, mti uvimbe. Asubuhi tazama tena. Alama iliyokauka si tatizo kubwa. Alama inayoendelea kutoa maji ni tundu la kweli. Zihesabu.

TANO: UKALIE WEWE MWENYEWE

Mtumbwi wa mtu mmoja ni kama kiatu. Unaomfaa mwenzako huenda usikufae wewe. Kwa hiyo usimtume mtu mwingine aujaribu. Ingia mwenyewe, mahali maji yanapofika kiunoni tu, karibu na ukingo, pasipo na mamba wala kiboko. Mwenzako asimame karibu.

Lakini usiujaribu ukiwa mtupu. Siku ya kazi utabeba vitu. Tufanye hesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Tuseme wavu uliolowa na migono ni kilo 20, na samaki ni kilo 20. Jumla ni kilo 40. Basi chukua madumu mawili yaliyojaa maji, yafunge vifuniko, yaweke ndani ya mtumbwi. Sasa ingia wewe. Huo ndio mzigo wako wa kweli.

Ukisha ingia, tazama:

Ubavu uliobaki juu ya maji ni kiasi gani? Pima kwa mkono. Usipungue shibiri moja. Ukipungua, wimbi dogo tu litaingiza maji.

Je, mtumbwi unalala upande mmoja? Kaa katikati kabisa. Ukiendelea kulala upande, umechongwa vibaya au umepinda. Utachoka kuusawazisha kila siku.

Je, unatulia? Inama upande mmoja kama mtu anayevuta wavu. Fanya hivyo pole pole. Mtumbwi mzuri huinama kidogo, kisha hukataa. Mtumbwi wa chini ya mviringo kama bomba huendelea kuinama mpaka ukakumwaga. Mvuvi wa nyavu anahitaji mtumbwi wenye chini pana kidogo. Kwa maoni yangu, mahali unapokaa upana usipungue sentimita 60.

Je, unakwenda? Piga kafi mara kumi kwenda mbele. Kisha pinda kulia na kushoto. Mtumbwi mrefu huenda moja kwa moja, lakini ni vigumu kuupinda kwenye matete. Mtumbwi mfupi sana hupindapinda na huyumba. Kwa mtu mmoja mtoni, urefu wa mita 3 na nusu mpaka 4 na nusu unatosha.

Je, unaweza kuuvuta peke yako? Wakati wa kiangazi maji ni haba. Utatumia pondo, na mahali pengine utashuka kuukokota. Ukishindwa kuuvuta leo kwenye nchi kavu, utashindwa na siku utakapokwama.

SITA: PIGA HESABU KABLA YA KUSHUKURU BEI

Bei ndogo si lazima iwe rahisi. Hii ni hesabu ya mfano tu.

Mtumbwi wa kwanza unauzwa shilingi 150,000. Fundi anasema kuuziba ni shilingi 70,000. Jumla ni shilingi 220,000.

Mtumbwi wa pili unauzwa shilingi 200,000. Hauhitaji kuzibwa.

Upi ni wa bei nafuu? Ni wa pili. Tena wa kwanza, hata baada ya kuzibwa, bado ni mtumbwi wenye viraka.

Weka akiba kidogo pia ya kununua kafi, kamba na kopo la kuchotea maji. Tafuta jaketi la kuokolea. Ukiwa bado hujalipata, funga madumu mawili matupu yenye vifuniko vizuri ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukizama, fungua na ushikilie. Madumu si badala ya jaketi, lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

SABA: ANDIKA

Ndugu msomaji, zamani ungeshika mkono wa muuzaji na mambo yangekwisha. Sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie kalamu yako. Nenda na muuzaji kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji. Andikeni karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja abaki na yake. Unaweza kuandika hivi:

"Mimi ............ wa kijiji cha ............ nimemwuzia ndugu ............ mtumbwi mmoja wa mti wa ............, urefu mita ......, kwa shilingi ............. Nimepokea fedha zote leo tarehe ............. Mtumbwi huu ni mali yangu. Una kasoro hizi: ............. Sahihi ya muuzaji. Sahihi ya mnunuzi. Sahihi ya shahidi."

Angalia mstari wa kasoro. Watu wengi huuruka. Wewe usiuruke. Mtu anayeficha kiraka kwa maneno, huona vigumu kukificha kwa sahihi yake.

Kisha nenda kwa afisa uvuvi. Kwa Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, uvuvi una utaratibu wa leseni na uandikishaji wa vyombo. Uliza pia unaruhusiwa kuvua wapi. Sehemu za bonde la Kilombero zimo ndani ya hifadhi. Usinunue mtumbwi kabla hujajua utavua wapi.

NA UKISHA KUUNUNUA

Usiuache juani. Uweke kivulini, juu ya magogo, usigusane na udongo. Kama huutumii siku nyingi, ufunike kwa majani au mimina maji kidogo ndani usikauke sana. Kila mwezi ugeuze, uuchome kwa kisu kama ulivyofanya siku ya kwanza. Usiende mtoni usiku. Viboko hutoka kula usiku na kurudi majini alfajiri, na mtumbwi mdogo hauwezi kushindana nao.

Namrudia sasa ndugu yetu aliyeandika barua. Ndugu, mimi siwezi kukuambia kama mtumbwi ule ni mzima. Sijauona. Nikisema ndiyo au hapana, nitakuwa nimerudia kosa lile lile nililomfanyia shemeji yangu. Lakini sasa una kisu, una ndoo, una madumu mawili na una kalamu. Mchukue na mvuvi mmoja mzee, mwende pamoja. Usione aibu kumwambia, "Mzee, mimi sijui, nifundishe." Mimi maneno hayo yalinishinda siku moja tu, na mwenzangu akalipa.

Shemeji yangu sasa anavua tena. Mtumbwi wake wa pili aliununua baada ya mimi na yule mzee kuugeuza mara mbili. Aliniambia, "Shemeji, leo umechafuka mpaka magotini." Nikamjibu, "Afadhali matope."

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini ni vizuri kukagua mtumbwi ukiwa mkavu?
2. Taja mahali patatu pa kuchoma kwa ncha ya kisu.
3. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo ngapi? Madumu matatu je?
4. Mtumbwi unauzwa shilingi 120,000, na kuuziba ni shilingi 45,000. Jumla ni kiasi gani?
5. Andika karatasi ya mauziano ya mtumbwi. Usisahau mstari wa kasoro.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha samaki kwa moshi bila kuwaunguza. Mwenye swali aandike. Kama sijui jibu, nitasema sijui, kisha nitakwenda kuuliza.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu.